Chumba cha Saruji

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na hakupenda kitu chochote ambacho hakikunyooka. Kwa hiyo alipopata kiwanja Nyasho, hapa Musoma, aliapa kwamba atajenga nyumba ya pembe nne, bati juu, na ndani yake angalau chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Ndugu zake aliowaacha Bunda walikuwa bado wanaishi katika nyumba za udongo na nyasi. Baba aliwapenda sana ndugu zake, na tangu alipopata bati aliwapenda zaidi. Hakuna Idi iliyopita bila kuwaalika.

Enzi hizo za Mwingereza, mtu wa hali yetu akipata saruji hakuuliza mara mbili. Aliyoipata baba ilitosha chumba kimoja, cha nyuma, basi chumba hicho kikapigwa sakafu na kuta zake zikapigwa lipu kwa ndani. Wageni wa Bunda walipokuja walivua viatu mlangoni. Shangazi mmoja alikataa kiti akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele, akasema anataka akirudi kwao aseme kwamba amekalia saruji kwa makalio yake mwenyewe. Baba alicheka, lakini nilimwona alivyovimba kifua.

Jambo ambalo baba hakuwaonyesha wageni lilikuwa nyuma ya nyumba. Matofali yetu yalikuwa mabichi, ya udongo uliokaushwa juani tu, na udongo wenyewe ulichimbwa palepale, hatua mbili kutoka ukuta wa kile chumba, kwa sababu fundi mwashi alisema kubeba udongo kutoka mbali ni kujitafutia kazi. Likabaki shimo. Masika ya kwanza shimo lilijaa maji, nayo maji yakakataa kuondoka. Mama alinunua mabata. Baba alilitazama lile dimbwi siku tatu nne, akatangaza kwamba lilikuwa mpango wake tangu mwanzo. Nani mwingine Nyasho alikuwa na bwawa lake?

Katika nyumba hiyo tulikuwa wanne. Baba na mama walilala chumba cha kati, sakafu ya udongo. Mimi, binti wa miaka tisa, nililala jikoni, banda la miti na udongo lililoezekwa nyasi upande wa pili wa uwanja, juu ya mkeka, pamoja na kuku. Mdogo wangu, mtoto wa kiume wa pekee, alikuwa na miaka minne na kifua chepesi. Akikimbia sana alikohoa, akilia sana alikohoa. Mvua zilipoanza kile kifua kikaanza kutoa sauti, kama paka mdogo aliyefungiwa ndani ya kikapu, na watu wakaipa sauti hiyo jina lake: pumu.

Basi mtoto mgonjwa, tena wa kiume, unamlaza wapi? Unamlaza penye heshima. Baba alimpa chumba cha saruji. Alimshonea godoro la sufi kwa mkono wake, nene kiasi kwamba mtoto alizama ndani ikaonekana pua tu. Mama, ambaye aliamini kwamba pumu huletwa na upepo wa ziwani, alifunga dirisha la mbao na kuziba kila ufa kwa mabaki ya vitambaa kutoka kwenye cherehani, hata ungepitisha mkono hapo usingesikia dalili ya hewa. Walifanya hayo kwa mapenzi matupu. Nalisema hili mapema kwa sababu nitawacheka, na sitaki mtu adhani siwapendi.

Mimi wivu ulinikaba. Yeye alikuwa na godoro, mimi nilikuwa na kuku. Yeye aliletewa supu ya mbuzi na mayai, mimi niliambiwa nisimwamshe. Hata kukohoa kwake kulipewa heshima. Akikohoa, watu wote walinyamaza.

Wakati huohuo ule ukuta wa nyuma ulianza mambo yake. Kwanza yalitoka madoadoa meusi karibu na sakafu, kama mtu amekung'uta wino. Mama alikuwa hodari wa kutarizi. Akatarizi kitambaa chenye maua, akakitundika juu ya madoa. Madoa yakapanda, mama naye akapanda na kitambaa cha pili, chenye ndege. Ilipofika katikati ya masika ya pili ukuta ulikuwa bustani nzima, na chumba kilinuka mtungi uliosahauliwa. Asubuhi sakafu ilikuwa na jasho. Mama aliipangusa kwa tambara akasifu: saruji kweli ni kitu cha kizungu, inajitolea maji yake yenyewe ya kudekia. Mwanamke huyohuyo aliwaambia majirani kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nadhani hakufikiri kwamba hata kuta huugua.

Tulimpeleka mdogo wangu hospitali. Dresa aliyetupokea, yule msaidizi wa daktari, alikuwa mtu mpole, tena mwangalifu. Aliweka sikio mgongoni kwa mtoto, akauliza swali ambalo lingeweza kutuokoa.

"Mtoto huyu huwa analalaga wapi?"

Mama aliiweka sawa khanga yake. "Analala peke yake, Bwana Dresa. Chumba cha saruji. Dirisha tunafunga, upepo haumgusi hata kidogo."

Dresa alimtazama mama, akatazama shati la mtoto lililoshonwa vizuri na baba. "Basi anatushinda sisi," akasema. "Mimi mwenyewe nimepanga chumba cha udongo." Akatupa dawa ya maji na kutuambia tuendelee hivyohivyo.

Tuliendelea hivyohivyo. Nami nikaona kwamba njia ya kufika kwenye godoro lile ni moja tu, nikaanza kukohoa.

Nilijifunza kwa mdogo wangu mwenyewe, maana mwalimu nilikuwa naye nyumbani. Nilishika mbavu, nikapandisha mabega, nikatoa ile sauti ya paka. Siku ya kwanza mama alinitazama kwa jicho la pembeni. Siku ya tatu aliingiwa na huruma, na siku ya tano nikahamia chumba cha saruji na bakuli langu la supu. Jirani mmoja alisema pumu ni ya ukoo, haichagui. Nililala kwenye sufi nikijiona malkia. Mdogo wangu alifurahi kupata mwenzake. Alinionyesha ndege wa mama mmoja mmoja, akampa kila mmoja jina.

Sikumbuki ilikuwa baada ya siku ngapi. Labda kumi, labda zaidi. Niliamka alfajiri nikataka kukohoa kwa ajili ya supu, nikakuta kikohozi kimenitangulia. Kifua kilikuwa kimebana kama mkanda uliokazwa tundu moja zaidi, na hewa iliingia kwa shida ikatoka kwa shida zaidi. Niliogopa sana. Karibu yangu mdogo wangu alikuwa ameketi, mikono ameitegemeza kwenye magoti, akipumua hivyohivyo, kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Ndipo nikajua kwamba kitu nilichokuwa nikikichezea siku zote zile ndicho alichokuwa nacho kweli. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Nilikimbilia kwa mama nikamwambia yote: kwamba nilikuwa naigiza, lakini sasa siigizi, na nataka kurudi jikoni.

"Umeigiza?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na sasa unaumwa kweli?"

"Ndiyo."

"Na dawa yake ni kulala na kuku?"

Nilipata viboko viwili vya kuigiza, nikarudishwa jikoni. Baada ya wiki moja kifua changu kilikuwa safi. Ushahidi ulikuwa umekaa uwanjani, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye akili zao: binti mzima kaingia chumba kile akaugua, katoka akapona. Wote waliutazama wakaafikiana kuwa unathibitisha jambo moja tu, kwamba mimi ni mwongo. Baba alilisimulia dukani kwa Mhindi kama kichekesho.

Aliyeusoma ushahidi sawasawa alikuwa bibi, mama yake mama, aliyekuja kututembelea kutoka Butiama mvua zilipokuwa zimekolea. Kwa nini hakuja mapema? Kwa kweli alikuwa amekuja mara nyingi, ila nyumba yetu hakuwahi kuiingia. Kwao mama mkwe haingii nyumba ya mume wa binti yake, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Ni heshima, na bibi alikuwa mtu wa heshima nzito. Alifikia jikoni, akalala na mimi na kuku, na alipokuwa na neno kwa baba alinituma. Baba naye alinijibu mimi. Baba alikaa barazani mbele na cherehani yake, bibi alikaa nyuma na kiko chake, mimi nikawa nazunguka kona ya nyumba kama shati kwenye kamba penye upepo. Wote wawili walikuwa na masikio mazuri, na walisikiana tangu neno la kwanza, lakini walisubiri nifike.

Safari hiyo nilimsimulia bibi habari ya viboko vyangu, nikitarajia huruma. Hakunihurumia. Aliniuliza tena nililala humo siku ngapi na nilipona baada ya siku ngapi. Kisha aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akapita kando ya dimbwi akiwafukuza mabata kwa fimbo, akaweka kiganja chake chote ukutani, kwa nje. Alikiacha hapo kwa muda, kama anavyomshika mtoto mwenye homa. Alipokitoa kilikuwa kimelowa.

"Mwambie baba yako," akasema, "nyumba yake inakunywaga maji."

Nilizunguka kona. Baba alikuwa tayari ameacha kukanyaga cherehani.

"Mwambie bibi yako nyumba hii ni ya bati. Haivuji."

Nilirudi. "Sikusema inavuja," bibi akasema. "Nimesema inakunywa. Inakunywa kwa chini, huku kwenye bwawa lake. Mwambie mimi nyumba nimekandikaga tangu sijaota matiti. Ukuta mbichi hatufungagi. Unaungoja ukauke, ndiyo unakandika. Yeye amefunga maji ndani na saruji, maji yatatokea wapi? Yanatokea kwa mtoto."

Ujumbe huo niliupunguza kidogo njiani, hasa ile sehemu ya matiti. Haikusaidia kitu. Baba alikuwa amekunja uso hadi sindano aliyoishika kwa meno ikasimama wima.

"Mwambie bibi yako namheshimu sana," akasema. "Na umwambie watu wametoka Bunda kuja kuiona sakafu hii."

"Mwambie basi," bibi akajibu kabla sijamaliza kugeuka, "waliokuja kutoka Bunda waliiona. Hawakulala."

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini msemo huo bibi hakuuhitaji. Alitaka kitu kimoja: mtoto aende naye Butiama mpaka mvua zikatike. Baba akakataa. Mtoto wa pumu akalale nyumba ya nyasi? Watu watasemaje? Nilizunguka ile kona mpaka nikachoka, na siku hiyo ikaisha hivyo, bibi amenuna nyuma, baba amenuna mbele.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, mdogo wangu alibanwa kuliko siku zote. Mama alimtoa nje akamweka barazani, mapajani mwake. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hakulia, maana kulia kunataka pumzi. Macho yake yalitutazama kwa zamu, mama, baba, mimi, kama anayeuliza nani kati yetu mwenye ile hewa. Nilidhani anakufa. Nilidhani anakufa na mimi ndiye niliyeufanyia mchezo ugonjwa wake, na nikamwomba Mungu anipe mimi, kwa kweli, bila supu.

Bibi alikuja mpaka kwenye kona ya nyumba akasimama hapo kwenye mvua, mgongo ametugeuzia ili asimwone mkwewe. Hakunituma neno. Alisimama tu mpaka kifua cha mtoto kikaanza kuachia, na kilipoachia mama alisema, bila kumtazama baba, "Anakwenda." Mama yangu alikuwa hajawahi kuamua jambo mbele ya baba. Baba alirudi kwenye cherehani yake.

Tuliondoka bibi, mama na mimi, pamoja na mtoto, kwa lori lililokuwa linakwenda huko, kisha kwa miguu. Nyumba ya bibi ilikuwa ya duara, nyasi juu, upenu mpana kama ukingo wa kofia, imekaa mahali palipoinuka, na mfereji umechimbwa kuizunguka. Kuta zilikandikwa kwa mavi ya ng'ombe na majivu, kavu, zikitoa vumbi laini ukizigusa. Bibi alijua kwamba moshi nao si rafiki wa kifua, ndiyo maana mtoto hakulazwa kwenye nyumba ya kupikia. Alimlaza kwenye ile nyingine, mlango wazi mchana kutwa, kwenye kitanda cha ngozi iliyoanikwa kila siku mvua ikipumzika.

Ningependa kusema alipona kwa miujiza. Siku ya kwanza alikohoa, ya pili akakohoa. Siku ya nne nilimtafuta nikamkuta mbali, ameng'ang'ania mkia wa ndama, anavutwa kwenye matope huku anacheka. Nilikaa chini nikamtazama. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko chake kikifika mwisho, siku zote kilikuwa kinakatizwa na kikohozi. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akalia bila kujificha.

Siku ya nane mama na mimi tulirudi Musoma, mtoto tukamwacha kwa bibi. Tulimkuta baba nyuma ya nyumba, na tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa akigomba peke yake.

Siku ile tulipoondoka, karani mmoja wa bomani alimletea kazi kubwa: jora zima la drili nyeupe, la kushonea makoti na suruali. Baba hakutaka kitambaa cha mtu mkubwa kikae barazani. Akakiweka penye heshima. Alikilaza juu ya godoro la sufi, akafunga dirisha, akafunga na mlango. Asubuhi ya siku tuliyorudi alikwenda kukitoa aanze kukata, akakikuta kina madoa meusi tangu ncha mpaka ncha, kinanuka.

Sasa kilikuwa kimetandazwa kwenye kamba, kwenye jua dogo lililochomoza baada ya mvua, na baba alikuwa anakisugua kwa limau na chumvi, jasho linamtoka. Alipomwona mama hakumsalimu.

"Tazama," akasema. "Chumba gani hiki? Kitu cha mtu hakiwezi kukaa humu hata wiki mbili. Nimekitoa mbiombio, kingekaa zaidi kingeoza chote. Tangu leo hakuna kuweka kitambaa chochote humu ndani. Mmesikia?"

Mama alitua mzigo wake chini.

"Baba watoto," akasema, "kitambaa kimekaa siku nane. Mtoto amekaa masika mawili."

Hakupandisha sauti. Baba aliendelea kusugua kidogo, kisha mkono ukasimama wenyewe, limau likamdondoka. Nilitamani mama aongeze neno, agombe, ili baba apate la kujibu. Hakuongeza.

Baba alikwenda kuchukua jembe. Nilidhani anakwenda kulifukia lile shimo, nikamfuata nimsaidie. Alilipita shimo, akapita katikati ya mabata, akasimama mbele ya ukuta wa chumba cha saruji, akainua jembe akapiga kwa nguvu zake zote, kama mtu anayetarajia kugonga jiwe. Jembe liliingia mpaka kwenye mpini, kimyakimya, kama kijiko kwenye ugali wa maji. Baba nusura aanguke. Alilichomoa taratibu. Kwenye lile tundu maji yalianza kutoka, machache, meusi, yakiteremka ukutani.

Aliinama akachungulia ndani. Kwa pale tundu lilipotokea ungeweza kuona kona ya godoro. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu, mkono mmoja umeshika ukuta, na alipozungumza hakuwa akisema na mama wala na mimi.

"Mwanangu alikuwa analala hapa," akasema.